Jina Moja, Mtu Mmoja

Walimwita Paka kwa sababu ya mapaa. Bondeni kwao simu haishiki hata ukiipandisha juu ya kabati, kwa hiyo kila nyumba iliyotaka intaneti ilifungwa antena, na antena zote alizifunga yeye. Mwembamba, mkimya, miaka arobaini na ushee, na bado anakula kwa mama yake. Ulimi ulimlegea pale tu ulipomuuliza kuhusu kazi yake.

"Ni hodi tu," alikuwa akiwaambia wateja. "Antena yako inapiga hodi hewani. Mtambo wa kampuni kule mlimani unaitikia karibu. Antena inataja jina lako na neno la siri, mtambo unahakiki, unakupa namba na njia yako peke yako. Na jina moja, mtu mmoja! Ukiwa umo ndani, mwingine akija na jina lako anafungiwa nje. Ukitaka kutoka, aga kwanza, bonyeza hapa. Usichomoe waya tu, mtambo utadhani bado umo, utakushikia nafasi mpaka uchoke kukuita."

Mjuzi kweli. Lakini mganga hajigangi.

Mama yake alikwenda kumuuguza ndugu yake, kisanduku chake cha intaneti kikazimwa. Mshonaji wa nyumba ya pili alikuwa hajasajiliwa na kampuni, na wateja wanamdai mitindo mipya. "Paka, nisitiri," akamlilia. Naye kukataa hajui. Akaliweka jina la mama kwenye antena ya mshonaji, kwa siku mbili tatu tu. Baadaye mshonaji akasajiliwa kwa jina lake mwenyewe, Paka akasema atapita kesho abadilishe. Kesho, kesho, we! Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mama alirudi kwa sababu moja. Binti yake wa pekee, mdogo wake Paka, alikuwa nchi ya mbali, na kesho yake asubuhi alikuwa anapasuliwa moyo. Aliahidi kupiga kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, waonane uso kwa uso. Mama akaoga mapema, akajifunga kitambaa kipya kichwani, akaketi na simu mkononi.

Paka akawasha kisanduku. Taa ya umeme, sawa. Taa ya antena, sawa. Taa ya mwisho, ile ya kuingia, nyekundu.

Akapanda juu. Akakaza skrubu, akaigeuza antena huku na huku, na kumbe mawimbi yalikuwa mazuri tangu mwanzo. Akashuka, akaandika upya neno la siri. Nyekundu vilevile.

"Vipi, baba?" mama akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Ndipo aliposikia, kutoka dirisha la mshonaji, video ya mwanamke anayefundisha kukata kola. Jina la mama bado lilikuwa kule! Akatoka mbio, akaingia kwa jirani bila hata hodi, akachomoa waya wa antena ukutani.

"Paka! Una wazimu?" mshonaji akamaka.

Paka akaduwaa na waya mkononi. Hakuaga! Yeye, mwalimu wa wenzake! Sasa mtambo ungemwita mshonaji, ungoje, umwite tena, na muda wote huo jina la mama limekaliwa na mtu ambaye hayupo.

Alirudi akasimama mbele ya kisanduku, anakibembeleza kwa sauti ya chini, anakitukana, anakibembeleza tena. Mama alikuwa akijitazama kwenye kioo cheusi cha simu, anaweka kitambaa sawa.

Taa ikawa kijani. Simu ikalia mfululizo: alikupigia, alikupigia, alikupigia. Kisha sauti iliyorekodiwa.

"Mama, wamekuja kunichukua. Nilitaka unione tu. Mwambie kaka asihangaike, mtandao ndivyo ulivyo."

Hakutoka chumba kile akiwa hai.

Watu wa msiba walipokwisha kuondoka, Paka alimweleza mama yote: jina, mshonaji, waya. Hakujitetea. Alitamani atukanwe, angalau apumue. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo mwanangu alibisha hodi," akasema, "nami nipo ndani, nimeshavaa."

"Ndiyo, mama."

"Akaondoka akidhani sipo."