Damu ya Dume wa Idi

Niliwahi kutamba pale Njiru kwamba ng'ombe wa mjini hapati kupe. Wangu hakutoka nje ya zizi la mabati; nyasi alipelekewa kama mgonjwa wa wodini. Kumwogesha dawa niliona ni mambo ya kijijini. Nilisahau kwamba nyasi zile zilikatwa kando ya Barabara ya Kangundo, wanakopita wafugaji na makundi yao, zikaletwa kwangu kwa mkokoteni pamoja na kupe.

Majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa na miguu minne: ndama jike wa miezi mitatu, mjukuu wa ng'ombe aliyeniachia marehemu mama. Mamake alikufa muda mfupi baada ya kumzaa, kwa hiyo katika uzao ule alibaki yeye tu. Asubuhi moja hakuinuka.

Daktari wa mifugo, binti mwenye haraka, alimfunua mdomo akanionyesha ufizi. Ulikuwa mweupe kama unga.

"Mum, hizi kupe zilikuja na nyasi. Dawa nitampatia, lakini damu imeisha. Asipoongezewa leo, kesho hafiki. Uko na ng'ombe mkubwa?"

Sikuwa naye. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa Majengo, alikuwa na dume wa Idi ya kuchinja, amefungwa ng'ambo ya ua. Zilibaki siku nne. Nilimwendea huku nikiona aibu.

"Mama, mnyama wa kuchinja anatakiwa awe mzima, asiwe na kasoro," alisema. "Ngoja nimuulize shehe."

Alipiga simu pale pale, akaeleza kila kitu, hata rangi ya dume. Nikasimama nikingoja fatwa ya ndama wa sisi walokole.

"Amesema damu hurudi," akaniambia. "Mradi dume asiugue. Mwite daktari."

Daktari alitoa lita moja shingoni mwa dume, ikaingia kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande. Tuliutundika kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka zangu, damu ikawa inamwingia ndama tone kwa tone. Mzee alikaa juu ya ndoo akimtazama dume wake zaidi kuliko ndama. Sikumlaumu. Mimi niliogopa kweli, maana nilikuwa nakaribia kumpoteza wa mwisho kwa majigambo yangu.

Alasiri ndama aliinua kichwa. Kesho yake alisimama.

Dume naye aliendelea kula vizuri, na siku ya Idi akachinjwa. Mzee alituletea fungu la jirani, bakuli limefunikwa kitambaa.

"Hili ni la pili," alisema. "La kwanza mlilichukua dume yungali hai."

Nilicheka, nikampokea bakuli, nikaliweka mezani. Kisha nikaenda zizini nikamfunua ndama mdomo. Ufizi ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Nyama ile sikuweza kuipika hadi jioni.