Shungi Jeupe

Hata miaka kumi na minane hajafikisha, tayari msichana huyu alikuwa msusi wa kutegemewa. Saluni nzima ilimwita Mkono-Mwepesi. Wateja walimsubiri hata viti vingine vikiwa vitupu, naye alilijua hilo, wala hakujifanya halijui.

Jambo moja tu la nyumbani lilimshinda kuelewa. Alizaliwa na shungi la nywele jeupe pee juu ya paji la uso, na mama yake hakuliacha lichomoze bila kulipaka rangi nyeusi.

"Ni ugonjwa wa ngozi, mwanangu. Na mtu akikuuliza ulizaliwa wapi, usimjibu. Tokea mlango wa nyuma."

Kuhusu baba, jibu lilikuwa lilelile: alikufa, basi.

Asubuhi moja aliingia mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, akawapita wasusi wote na kuketi kwenye kiti chake. Msichana alimtambua. Ndiye aliyekuwa akisimama ng'ambo ya barabara wiki nzima, akijifanya anaongea na simu.

"Nisuke utakavyo," mgeni alisema, akavua kitambaa.

Shungi jeupe. Mahali palepale.

Msichana aligeuka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, lakini kukimbia bila kujua anakimbia nini hakutaka tena. Akachukua kitana, akaanza kugawa nywele.

"Umetoka wapi, dada?"

"Ulikozaliwa."

"Basi tulia unieleze. Ukinizungusha, nakuacha na nusu kichwa uende hivyohivyo."

Mwanamke alicheka, mara machozi yakamtoka. "Mimi ni shangazi yako. Baba yako alipofariki, babu yako alitaka akuchukue, mama yako afukuzwe. Mama yako akakubeba mgongoni, akatoroka."

"Getini kwa babu hakukuwa na mlinzi?"

"Alikuwepo. Mimi ndiye niliyempeleka kunywa chai."

Hapo mama akaingia na chakula cha mchana. Alipoliona lile shungi, bakuli lilimponyoka.

"Mwanangu, toka! Sasa hivi!"

"Sitoki, Mama."

"Wifi, mzee amefariki," shangazi alisema upesi. "Tumeshamzika. Hakuna atakayemgusa mtoto."

Mama alishika ukuta. Miaka yote hiyo aliamini kwamba wifi yake ndiye aliyewachongea kwa mzee. "Nani basi alimwambia tumetoroka?"

"Kitanda kitupu kilimwambia. Mimi aliniadhibu kwa kutosema mlikoelekea."

Mama hakumkumbatia. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kumshikia binti yake nyuzi za kusukia.

"Sasa mniambie," msichana alisema, vidole vikiwa havijasimama. "Baba alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole," alisema mama.

"Mpole? Yule?" Shangazi aligeuka, msuko ukamponyoka msusi. "Mbishi yule! Wewe alikuficha tu ubishi wake mpaka akakuoa."

Wakaanza kubishana, na msichana akawaacha waendelee, akisuka taratibu kuliko siku zote.