Vazi la Mdudu wa Ukutani

Mtaani walimwita Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyeketi mbele ya kamera yake: "Tulia hapohapo." Alipiga picha za pasipoti katika kibanda chenye pazia jeupe, hadi simu zilipomnyang'anya wateja. Mkewe alipofariki, kibanda na nyumba vyote vikawa kimya.

Bintiye, muuguzi aliyeishi naye, ndiye aliyemtia shime. "Baba, piga chochote. Hata inzi."

Akalichukua neno kama lilivyo. Aligeuza lenzi yake ya zamani nyuma mbele, akaibana kwenye kamera kwa selotepu ili ikuze vitu vidogo, akaanza kunyatia inzi jikoni. Lo! Inzi hasikii "tulia". Picha za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Akisogea kidogo, jicho linapotea. Akipumua, mguu unapotea. Siku moja alinasa bawa safi kabisa, mwenye bawa akiwa ameshatoka nje ya picha. Binti alicheka hadi akashika mbavu, na mzee naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Polepole akajifunza kuegemeza kiwiko, kubana pumzi, na kuwawahi wadudu asubuhi wakiwa bado wamezubaa kwa baridi. Akajifunza pia kumtafuta asiye na haraka.

Huyo alimpata chumbani kwake, ukutani juu ya kitanda: kidude mfano wa mbegu ya boga, rangi ya vumbi, kikijikokota. Wengi hukiona majumbani mwao wakakifagia. Tulia alipanda kitandani na kamera, akapiga, kisha akaikuza picha kwenye kompyuta ya kibandani.

Hakikuwa vumbi. Kilikuwa kifuko kilichofumwa, na kiwavi mwembamba akichungulia mlangoni. Kilifumwa kwa nyuzi za hariri za kijani cha majani mabichi, pamoja na unywele mrefu uliotiwa rangi nyekundu kama alivyozoea mkewe, umezungushwa shingoni kama ukosi.

Akamwita binti.

"Kijani hiki unakijua?"

Binti akainama karibu na kioo. "Gauni la mama."

"Tulilomzika nalo."

"Ndiyo, baba."

Walirudi nyumbani. Binti akavuta sanduku la nguo za marehemu kutoka uvunguni, ambalo babaye hakutaka liguswe tangu msiba. Juu kabisa palikuwa na kilemba cha kitambaa kilekile, kimeshonwa tayari, bado kina umbo la kichwa.

"Kitambaa kilibaki, akashonewa kilemba," binti akasema. "Tulikisahau tu."

Wakashusha pumzi. Ndipo kilemba kikatikisika.

Ndani yake vilining'inia vifuko vingi vya kijani, kila kimoja kikijivuta taratibu, kila kimoja kimevaa kipande chake cha mama. Tulia aliinua kamera, kisha akaishusha.

"Funga, mwanangu."

Binti hakufunga. Alitoa nguo zote nje, akazikung'uta, akazifua kwa maji ya moto, akazianika juani. Zilizopona akaanza kuzivaa, na babaye hakupinga. Kilemba walikichoma.

Ukuta ukakaa safi majuma kadhaa. Kisha Tulia akakiona kingine, palepale juu ya mto wake. Akapiga, akakuza. Hicho hakikuwa na kijani hata uzi mmoja. Kilikuwa cheupe chote: manyoya ya blanketi lake, na vinywele vifupi vya mvi.

"Na hizi za nani?" binti akauliza.

Tulia akajipapasa kisogo. "Zangu. Za mama yako wamezimaliza."

"Baba, usiseme hivyo!"

Siku hiyohiyo alihamishia godoro sebuleni. Wadudu anaendelea kuwapiga picha, na sasa hata jicho la inzi analipata bila ukungu. Lakini huwafuata bustanini, penye jua. Chumbani huingia kuchukua shati tu, macho yake sakafuni.