Sufuria Moja, Vinywa Vitatu

Watu wa mtaa wa Kinama, Bujumbura, walimjua Orpha kwa sababu ya mbwa wake. Alipokimbia vita Uvira, upande wa Kongo, alivuka mpaka na furushi la nguo kichwani, paka ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge, na mbwa wa rangi ya kahawia aliyemfuata bila kamba. Pale mpakani watu walikuwa wanatafutana kwa majina, na yeye alikuwa anaita, "Kapita! Kapita!" mpaka askari mmoja akamuuliza kama Kapita ni mume wake. Mume wake alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Tangu hapo aliyelala naye nyumba moja ni Kapita, mbwa huyo, mlinzi wa kiduka chake cha mafuta ya mawese, na paka jike aitwaye Mayele.

Alipata chumba kwa Houda, mjane wa Kiislamu ambaye ukoo wake uko Bujumbura tangu enzi za babu zake, na aliyekuwa analea wajukuu watano. Houda aliwatazama wale wanyama wawili, akavuta pumzi.

"Paka sawa, paka ni wa nyumbani," alisema. "Lakini ile mbwa isifike pahali mi naswalia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama Karimu."

Orpha alikuwa na miaka arobaini na minane na hakuwa na mtoto. Alifua nguo za watu, siku nyingine alichambua maharage sokoni, na kila saa kumi jioni alibandika sufuria moja kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Sokoni aliwaomba wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wamwachie vumbi la chini ya gunia: vichwa vilivyokatika, mikia, magamba, na mchanga kidogo. Alivipepeta, akaviosha mara tatu, akavichemsha. Kabla ya kutia chumvi alitenga sehemu ya Mayele. Halafu akasonga bugali, ukoko wote ukawa wa Kapita, umelowekwa kwa maji ya maharage ili uvimbe na kujaza tumbo. Kilichobaki kilikuwa chake. Jirani mmoja alimwambia mutu mwenye akili angefukuza mbwa akale yeye. Tangu siku hiyo Orpha hakumwazima tena jiko.

Mwaka ule mafuta ya gari yaliadimika mjini, na unga ukapanda bei kama mtu anayekimbizwa. Kwa pesa ile ile kopo moja la kupimia likawa nusu, nusu ikawa ngumi mbili. Orpha akaanza kula siku moja na kuruka siku moja, akiwaambia watu kwamba anafunga kwa maombi. Mbavu za Kapita zikatokeza. Siku moja Houda alimkuta mbwa amesimama mbele ya banda lake la kuku, ametulia kabisa, hata mkia hautikisiki.

"Dada Orpha," Houda alisema, bila kupandisha sauti. "Mi naona vile anawaangalia. Siku akigusa kuku wangu, sitamuita mutu wa kuniamulia."

Ndiyo sababu Orpha alipoambiwa na Consolée, Mkongomani mwenzake aliyekuwa anasali naye, kwamba kuna kazi ya kuosha mahindi katika kartye ya viwanda, ule mtaa wa maghala, hakuuliza ni mahindi gani. Walitembea kwa miguu tangu alfajiri. Ghala lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta mrefu, halina jina mlangoni. Ndani ya ua kulikuwa na mapipa yaliyokatwa katikati, wanawake kumi wameyainamia, na mahindi mekundu.

Hayakuwa mekundu ya kuzaliwa. Ulipoyatia majini, maji yaligeuka rangi ya waridi, halafu rangi ya damu iliyochanganywa na maziwa. Uliyasugua kwa mikono mpaka yakabaki ya manjano hafifu, ukayaanika kwenye turubai, na jioni wanaume waliyatia katika magunia meupe yasiyoandikwa kitu.

Msimamizi aliitwa Claude, kijana mpole wa maneno, shati safi. Alivaa glavu nzito za mpira hata pale alipokuwa anaelekeza kwa kidole tu.

"Shefu, hii rangi ni ya nini?" Orpha alimuuliza siku ya kwanza.

"Ni rangi tu, mama. Ya kufukuza wadudu. Ikishaoshwa, imekwisha."

"Na sisi hatupati glavu?"

Claude alicheka kidogo. "Glavu itakuzuia kusugua muzuri."

Malipo yalikuwa madogo, lakini kila jioni aliwaruhusu wanawake wachukue bakuli la mahindi yaliyovunjika, yale ya chini ya pipa. "Mubebe," alisema. "Ila musitembee munahadisia batu. Wakijua, watajaa hapa, na nyinyi mutapoteza." Orpha alimshukuru kwa mikono miwili.

Wiki ile nyumba ilinukia chakula. Alitwanga zile chenga, akasonga bugali mzito, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka Kapita aliacha chakula kwenye sahani, akaenda kulala, akarudi kukimaliza. Orpha naye alikula mpaka akafungua mkanda wa kitenge. Mayele peke yake ndiye aliyekataa. Alinusa, akarudi nyuma, akakaa mlangoni amegeuza mgongo.

"We unajifanya mukubwa," Orpha alimwambia. "Kesho utakula."

Kesho yake hakula. Alianza kukamata mijusi ukutani.

Kule ghalani, maji machafu yalimwagwa kwenye mtaro uliopita nyuma ya ua. Siku ya nne Orpha aliona njiwa watatu wamelala kando ya mtaro, mabawa wazi. Mlinzi wa ghala aliwasukuma ndani kwa fimbo. Siku ya sita ngozi ya vidole vya Consolée ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu. Yeye Orpha kichwa kilimgonga kila jioni baada ya kula, mate yakamjaa mdomoni, na siku moja alitapika nyuma ya choo. Akasema ni jua. Ukweli ni kwamba aliogopa kufikiri zaidi ya jua, kwa sababu zaidi ya jua kulikuwa na sufuria tupu.

Siku ya tisa, Jumamosi, alirudi saa tisa akamkuta Kapita amelala katikati ya ua. Hakuinuka. Miguu yake ilikuwa inatetemeka, inatulia, inatetemeka tena, na povu limemtoka mdomoni. Orpha alipiga magoti. Alimpa maji, yakamwagika. Alimpa maziwa aliyoomba kwa Houda, na Houda mwenyewe, ambaye hajawahi kumgusa mbwa, alisimama hatua mbili kutoka pale, kanga mdomoni.

"Amekula nini?"

"Amekula nilichokula mimi," Orpha alisema.

Aliposikia maneno yake mwenyewe, aligeuza macho kwenye sufuria. Walitazamana. Kapita alikufa kabla ya adhana ya magharibi, kichwa chake juu ya paja la Orpha. Wanaume wawili wa jirani walimchimbia shimo kwenye kiwanja kisichojengwa.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikwenda ghalani, akijua siku hiyo yuko mlinzi tu, akamwambia amesahau kitambaa chake. Nyuma ya ua, pale walipokuwa wanachoma takataka kila asubuhi kabla wanawake hawajafika, alichokonoa majivu kwa kijiti. Chini kabisa alipata kipande cha gunia ambacho moto haukukimaliza. Kilikuwa na picha ya fuvu la mtu na mifupa miwili iliyopishana. Chini yake palikuwa na maneno ya Kifaransa, na Kifaransa cha darasa la sita kilimtosha: ilikuwa mbegu ya kupanda, imetiwa sumu, isiliwe na mtu wala mnyama.

Alikificha kile kipande ndani ya nguo, akarudi Kinama anatembea haraka, karibu kukimbia.

Alipoingia uani alimkuta Houda amemwekea sahani iliyofunikwa. Ilikuwa pole ya msiba, ingawa Houda asingekiita kifo cha mbwa msiba. Bugali mweupe, mboga ya lenga-lenga, ndagala wanne wakubwa.

"Kula, dada. Tangu jana hujatia kitu tumboni."

"Mama Karimu, huu unga umetoka wapi?"

"Kwa masini ya kusaga ya pale barabarani. Wameleta mahindi mapya, bei iko chini. Mi nimechukua gunia nzima. Kwa nini?"

Orpha aliona mlangoni kwa Houda wale wajukuu watano wamezunguka sinia, wameshanawa mikono. Alipiga kelele ambayo hakuijua kuwa anayo.

"Wasile! Yasmina, toa mukono! Wasile!"

Yasmina, mkubwa wao, aliyekuwa amefikisha tonge karibu na mdomo, alianza kulia kwa hofu. Houda alikasirika kwanza, kama mtu yeyote ambaye chakula cha wajukuu wake kimepigiwa kelele. Orpha alimwonyesha kile kipande cha gunia, akamweleza yote: maji ya waridi, njiwa, magunia meupe. Alipofika kwenye neno "nimeosha" alishindwa kumtazama usoni.

"We mwenyewe uliosha?" Houda aliuliza.

"Mi mwenyewe. Siku tisa."

"Na uliona hao ndege?"

"Niliona."

Houda alilibeba sinia, akalimimina chooni, akarudi akaliburuta gunia zima, lililonunuliwa kwa pesa alizotumiwa na mwanawe Karimu aliyeko safarini, akalimwaga pia, huku akisema "Astaghfirullah, astaghfirullah," na hakuna mtu aliyejua anamwombea nani msamaha.

Pamoja walikwenda kwa shefu wa kartye, kiongozi wa mtaa. Aliwasikiliza, akaandika, akakishika kile kipande cha gunia na kusema atakipeleka mbele. Jumanne watu wawili wenye mafaili walikwenda ghalani. Walikuta mlango wazi, sakafu imefagiliwa, mapipa hayapo. Claude hakuwa na jina la pili ambalo mtu yeyote alilijua. Mwenye masini ya kusaga alisema alinunua kwa lori lililopita, hakuuliza, na mengi yalikuwa yameshauzwa.

Jumatano simu ya Orpha ililia. Sauti ilikuwa ile ile ya upole ya Claude. "Mama, nasikia unasemasema. Kumbuka, mikono iliyoosha iko yako." Halafu ikakatika. Orpha aliitoa kadi ya simu akaivunja kwa meno.

Houda hakumfukuza. Ila kwa mwezi mzima alimsalimia tu, bila kusimama. Orpha sasa analima mashamba ya watu kule Carama na analipwa viazi vitamu, anavyovichimba mwenyewe na kuuona udongo vilikotoka. Anavipika na maganda. Mayele anapata vichwa vya ndagala, na siku ambayo hakuna ndagala anajitafutia mwenyewe. Kichwa bado kinamgonga jioni. Consolée amerudi kwa ndugu zake katika kambi ya wakimbizi, mikono haijapona.

Katika ua wa Houda hakuna aliyekufa. Hilo Orpha analijua. Lakini magunia meupe aliyoyaona yakipangwa jioni ya Ijumaa yalifika hadi kwenye bati la ghala, na malori yalitoka yakielekea pande zote. Kila anaposikia kwamba mtoto wa mtaa fulani ameanguka ghafla, anauliza kwanza, "Alikula nini?" Watu wanamwona mwanamke wa ajabu. Wanamjibu, "Alikula bugali tu, kama sisi wote."