Mafuta ya Ufuta na Uongo Wangu wa Arobaini

Mwezi wa kumi ukiingia Toronto, ngozi yangu hugeuka ya kenge. Nikivua soksi unga unadondoka. Viungo vinalia, usingizi unakatika vipande vipande, na mgongo unanikumbusha kila kitu nilichowahi kubeba. Siku moja nilimlalamikia jirani yangu wa ghorofa ya juu, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Tanga kama mimi, ambaye miaka yote ya kuishi North York haijakitia kutu Kiswahili chake. Tulikuwa kwenye lifti. Alinishika mkono, akaukwaruza kwa ukucha, akautazama mstari mweupe uliobaki.

"Wewe umeingiwa na upepo," alisema. "Majani yakikauka nje, na mtu anakauka ndani. Asubuhi unakula nini?"

"Mtindi wa friji, Bi Mkubwa. Na kahawa."

Alinitazama kama niliyesema nakula misumari.

Hivyo ndivyo nilivyoingizwa kwenye Ayurveda, tiba ya Kihindi ambayo yeye aliipokea kwa bibi yake. Masharti ya msimu huu yalikuwa mengi kuliko ya kuomba viza. Saladi marufuku, cha friji marufuku, kahawa niisahau. Asubuhi uji wa moto wenye tangawizi, samli na pilipili manga. Mchana mseto wa choroko uliopikwa mpaka ukalainika, na boga, maana boga wakati huu limejaa kila duka na Wazungu wanalichonga macho badala ya kulila. Kulala mapema. Na kila nikiamka, kabla ya kuoga, nijisugue mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha nijifunge kitambaa kichwani nikae nayo robo saa.

Mafuta nilinunua mwenyewe, kwenye duka la Wachina, chupa nyeusi yenye harufu kali. Nikajipaka kwa imani. Binti yangu alitoka chumbani akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama leo tunakula tambi. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakoogesha na kulisha watu, mzee mmoja aliyekuwa amegoma kula siku mbili alininusa, akafumbua macho na kuuliza chakula kiko wapi. Alikula sahani nzima. Jirani yangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe nilinunua ya ufuta uliokaangwa, ya kutia kwenye chakula. Akanipa chupa yake, ya mafuta meupe yasiyonuka.

Wiki ya tatu nilianza kung'aa. Ijumaa moja sikuwa na zamu, nikawa nimekaa sebuleni na kanga kifuani, kichwa nimefunga, mafuta yananichuruzika na bakuli la uji liko mkononi. Simu ikaita, nikapokea bila kufikiri. Ilikuwa ya video. Mama yangu, kutoka Tanga, alinitazama kuanzia kilemba hadi bakuli.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Mtoto gani, mama?"

"Usinizuge. Umepakwa mafuta, umefungwa kichwa, unakunywa uji. Hiyo ni arobaini. Umezaa lini?"

Siwezi kumlaumu. Kwetu mzazi hulelewa hivyohivyo siku arobaini: anakandwa maji ya moto, anasingwa mafuta, anashindiliwa uji wa pilipili manga, na kiuno kinafungwa mkaja, ile kanga inayokazwa hadi tumbo na mifupa virudi mahali pake. Nilicheka. Nikamwambia nina miaka arobaini na saba, duka limefungwa.

"Kwa Mungu hakuna kufunga duka," alisema. "Haya, na yule mama yako wa huko ndiye anayekukanda tena? Mpe simu nimshukuru."

Kicheko kikanikauka.

Yule mama hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi, miaka kumi na minane iliyopita, binti yangu alipozaliwa. Mama alikuwa amefunga begi, mkaja ameukunja juu kabisa, na viza akanyimwa. Alilia kwenye simu, na hakulilia safari, alililia kiuno changu. Nani atamkanda mwanangu? Sikuweza kuvumilia kile kilio. Nikamwambia kuna mama mmoja mtu mzima, wa jengo letu, amenichukua kama mwanawe, ananikanda kila siku. Ukweli ni kwamba nilijimwagia maji nimesimama, mkono mmoja ukutani, kisha nikajifunga taulo tumboni kwa pini.

Mama alifurahi, tena akapitiliza. Kila msafiri aliyekuja huku alipewa doti ya kanga, "ya yule mkandaji." Sikuthubutu kuzivaa. Nilizilaza kwenye sanduku chini ya kitanda, zikaongezeka humo kama sungura. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika sanduku kujaa.

"Ametoka," nilimjibu mama. "Kesho asubuhi atakuwepo."

Nikapandisha ngazi na sanduku langu la rushwa. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimdanganye mama mtu mzima? Wa Tanga? Jana tu nimetoka msikitini Thornhill, dhambi zangu hata hazijapata nafasi ya kurudi."

Nilifungua sanduku. Akapapasa kanga moja, akageuza ya pili, akasoma maandishi ya tatu na kutabasamu. "Lakini ni nzuri hizi," alisema. "Nitakuja." Nami nikajiona mjanja.

Jumamosi alikuja amejitanda moja juu ya gauni, na chupa ya mafuta mkononi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mama alipoona kanga yake kwenye mabega yale, machozi yakamtoka.

"Dada yangu," alisema, "ulinilelea mwanangu mimi nisipokuwepo. Mungu akulipe."

Jirani aliitumbukiza chupa ya mafuta kwenye bakuli la maji ya moto. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akauondoa.

"Dada, nisamehe," alisema. "Mimi sikumkanda. Wakati huo tulikuwa hatujuani. Hakuna mtu aliyemkanda."

Tanga jogoo aliwika. Nilitamani niingie mwenyewe ndani ya lile sanduku. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niko mtoto, na hofu pia, kwamba nimemnyang'anya mama yangu kitu alichokuwa akilalia usingizi miaka yote hiyo.

"Hakuna?" mama aliniuliza.

"Hakuna, mama."

"Ulijikanda mwenyewe?"

"Nilijimwagia maji."

"Na mgongo?"

"Unauma. Ukianza baridi unauma sana."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, polepole, jicho moja kisha la pili. Nilisubiri nitukanwe. Ningefurahi kutukanwa. Lakini alipoongea hakuwa anaongea na mimi.

"Dada, hayo mafuta yamepata moto?"

"Yako kwenye maji ya moto hapa."

"Basi mlaze. Na wewe vua hiyo blauzi, unamwonea haya nani? Mjukuu wangu aje ashike simu, nataka nione kiuno."

Binti yangu alikuja, akajibu kwa Kiingereza kwamba ameshaelewa, akasimama juu yangu na simu. Nililala kifudifudi kwenye zulia. Jirani akaanza kukanda, na mama akaanza kutoa amri: hapo chini, siyo hapo, zungusha kidole gumba, bonyeza, huyo hafi. Mikono ile ya kizee ilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Nililia na sikujificha. Walipomaliza wakaniinua nisimame, jirani akachagua kanga kutoka sandukuni, akanizungushia tumboni na kuvuta.

"Kaza, dada," mama alisema kutoka mkononi mwa binti yangu. "Kaza tena. Kiuno hicho kimekaa wazi miaka kumi na minane."