Gari Pamoja na Waliomo

Sitaapa, maana wanaoapa sana ndio waongo, nami nataka uniamini. Nasema tu kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, sina homa wala sikushinda na njaa. Visa vya namna hii watu huvisimulia vya usiku. Changu kingekuwa cha usiku ningejidanganya kwamba sikuona vizuri, nikalala. Shule yangu iliishia darasa la saba na najitilia shaka hata nikihesabu magunia, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitakwambia sina hakika.

Mimi hununua iliki na pilipili manga kwa wakulima wa Amani, huko juu milimani, nikaziteremsha Tanga mjini. Barabara ile mvua ikinyesha ni sabuni. Miaka yote nilikuwa nakodi magari ya watu na kukwama nayo. Kwa hiyo Mbaraka aliponiambia anauza gari lake, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi.

Mbaraka ni nani? Ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake alifariki katika uzazi, mama yangu akatunyonyesha sote wawili, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile. Kwetu hilo si jambo la mapenzi tu, ni sheria: binti yake ni haramu kwangu kama binti wa ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana sikuleta fundi alikague gari kabla sijanunua. Wewe ungemkagua ndugu yako?

Siku ya kukabidhiana tulisimama uani kwake, Ngamiani, mimi na yeye. Unajua sisi watu wa pwani biashara ni kauli: muuzaji atamke, mnunuzi apokee, mkono ndani ya mkono. Akanishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida yake. "Ndugu yangu, nimekuuzia gari hili pamoja na waliomo."

Waliomo! Gari lina vilivyomo: jeki, spana, tairi la akiba. Waliomo ni watu. Nikacheka. "Mbaraka, na Kiswahili nacho umeshakiuza?"

Hakucheka. "Pokea basi, mkono unachoka."

Nikadhani ulimi umemteleza, na kumsahihisha mtu katikati ya kauli ni kukosa adabu. Nikasema kama alivyosema yeye: "Nimelipokea, pamoja na waliomo." Akashusha pumzi ndefu. Niliiona pumzi ile, lakini nilidhani ni uchungu wa kuachana na gari.

Wiki ile nikalishughulikia kama anavyotakiwa mtu aliyenunua gari la mkono wa pili. Nililipeleka kwa Fundi Kombo, tukabadilisha oili, tukasafisha rejeta, tukajaza girisi kila panapohitaji. Kwa haki lazima niseme, Mbaraka alilitunza. Mikanda mizima, breki nzima. Kasoro ilikuwa moja: nyuma, upande wa kushoto, gari lilikuwa limelala.

"Umempakia nani huku?" Kombo akaniuliza kutoka chini ya gari.

"Nimpakie nani, Kombo? Gari tupu hilo."

"Basi huyo tupu wako mnene."

Akabadilisha springi. Likalala vilevile. Akabadilisha shokapu. Vilevile. Akahamisha springi ya kulia akaiweka kushoto na ya kushoto kulia, nikadhani sasa litalalia kulia. Wapi, kushoto kulekule. Akajifuta mikono, akasema ufundi wake wa chuma umeishia hapo. Mke wangu Zuhura naye alikaa kiti kile cha nyuma kushoto tukienda sokoni, akahamia kulia hata hatujafika. Akasema pana baridi. Sikulitia maanani. Ningelitia maanani vipi? Hata wewe ungesema ni upepo wa dirishani.

Ndipo nikaenda Amani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, adhuhuri jua likatoka kali. Nilipofika kwenye mpando mmoja mkali, msitu umebana huku na huku, gari likaanza kuserereka. Nalo ni la zamani: ili magurudumu ya mbele yavute, lazima ushuke, ukazungushe kwa mkono kizibo kilichopo katikati ya gurudumu, la kushoto na la kulia. Nikashuka, nikazama kwenye tope, nikazungusha cha kushoto. Nikapita mbele ya boneti kwenda kulia.

Nikamkuta mtu amechuchumaa penye gurudumu la kulia. Alikuwa amekwisha kukizungusha kizibo, anapangusa vidole kwa jani. Mtu wa makamo, shati la drafti, kofia ya kiua iliyochujuka. Nikatoa salamu. Hakuitikia, alisema tu, "Tayari." Lakini wasioitikia salamu ni wengi siku hizi, hilo silihesabu.

"Ahsante sana, bwana. Panda basi, nikusogeze mbele."

"Nipande nini? Mie nimo."

"Umo wapi?"

"Humu. Kushoto nyuma. Mwenzio alikuwa akifunga kushoto, mie nafunga kulia. Nikaona nawe wataka vivyo hivyo."

Nikacheka, cheko la mtu asiyeelewa. "Mwenzangu gani?"

"Huyo mliyenyonya pamoja. Alikwambia waliomo, nawe ukapokea kwa kinywa chako. Nikajisemea, huyu walau ana adabu. Wengine husema vilivyomo, kana kwamba mie jeki."

Najua unataka kuniuliza miguu yake, kama alikuwa na kwato. Hapana. Alivaa kandambili za kijani. Ila mimi nilikuwa tope hadi magotini, na kandambili zake zilikuwa kavu, wala hazikuacha alama. Huenda alikanyaga majani. Nimelifikiria sana hilo, huenda. Lakini nikalitazama gari, na kwa mara ya kwanza tangu nilinunue lilikuwa limesimama sawasawa. Yule mtu akazunguka nyuma. Sikusikia mlango. Nikaliona gari linalala kushoto taratibu, kama linavyolala akipanda mtu mzito.

Nifanyeje? Nimkimbilie nani, porini pale? Nikaingia, nikakamata usukani, nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Katikati woga ukanipotezea neno. Sauti ikanikumbusha kutoka nyuma.

Niamini, mpando ule niliupanda. Tena bila kuserereka.

Niliporudi mjini niliacha gari nyumbani, nikaenda kwa Mbaraka kwa miguu. Uani nilimkuta mkewe anapara samaki. Mwanamke yule alikuwa amerudi kwao Pangani muda mrefu, kila mtu alijua ndoa imekwisha. Sasa anapara samaki na kuimba. Akanikaribisha kwa furaha. Sidhani kama alijua tuliuziana vipi. Mbaraka alipotoka akaniona uso, hakuniuliza nimepatwa na nini. Aliuliza, "Ameshakutokea?"

"Ulijua."

"Nilijua." Hakukataa, hilo nampa. "Mie mtu wa Mkwaja aliniuzia akanificha. Huyo aliyemo hakunidhuru, siwezi kumsingizia. Lakini haishii garini, nyumba haikuwa yangu tena. Mke anasikia mtu anakohoa chumbani, nani atakaa? Na haondoki mpaka apokewe kwa kauli."

"Ungeniambia."

"Ungepokea?"

Kwa haki, nisingepokea.

"Basi kwa nini mimi, Mbaraka? Tanga yote hii na watu wake!"

Akainamisha kichwa. "Mtu baki angerudi na polisi, au na panga. Weye nilijua utarudi uniulize tu."

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Nikaona alivyonipima sawasawa, nikaondoka.

Gari ninalo hadi leo. Nalihudumia kama kawaida, na halijakwama tena mahali popote. Alikuja kijana wa Muheza kulinunua, amelipenda, mkewe amesimama kando na mtoto mgongoni. Ningesema neno moja tu nikawa huru. Nikamtazama yule mtoto, nikamweleza kijana ukweli. Alicheka, kisha akachungulia nyuma kushoto, akamwambia mkewe twende. Sijui kama nilifanya vema au upumbavu, maana Zuhura sasa yuko kwa dada yake, huko Mwera, na hajasema atarudi lini.

Juzi mama aliita watu kwa hitima. Kwetu watu hula sinia moja, na mimi na Mbaraka sinia yetu ni moja tangu tujifunze kula wenyewe. Mama akaiweka, akatuita. Mbaraka akakaa, akaninawisha maji. Mkono wangu ukakataa kwenda. Nikainuka, nikakaa na majirani.

"Mmenuniana nini, watu wa ziwa moja?" mama akauliza mbele ya wote. Mbaraka akanitazama, anangoja nimfichue.

"Tumbo, mama," nikasema.

Nimekaa nikawalinganisha wale wawili, nimejitahidi kuwa mwadilifu. Yule wa kushoto nyuma hajaniongopea hata siku moja.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayetafuta gari. Lala chini ulitazame, lipande mlima kabla hujalipa, hayo yote utaambiwa na mafundi. Mimi nakwambia uweke shahidi asiye wa ukoo wenu, asimame palepale mkishikana mikono. Sisemi usimwamini ndugu. Mimi mwenyewe sijui kuishi bila kumwamini mtu. Ila wewe utaona haya kumuuliza ndugu yako amesema nini. Mtu baki atauliza.