Siku Niliyotamka Neno "Dawa" Mbele ya Wakwe

Siku hii nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu jikoni, nageuza uso ukutani kama vile sufuria zinanitazama. Nilikuwa nimeapa sitaisema, lakini kwa kuwa rafiki yangu Neema ameshaanza kuisimulia kwa namna yake (na ya kwake ina chumvi, eti nilizimia, mimi sikuzimia), bora niitoe mwenyewe, mnicheke kwa haki.

Nafanya kazi za ndani Ghubra, hapa Maskati, kwa bibi mmoja anaitwa Bi Zuwena, Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu mimi wa Muheza. Anaishi na mjukuu wake Rukia, msichana wa rika langu, mpole mpaka ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Kazi si mbaya. Kila jioni nalowesha vipande vya ubani, wenyewe wanaita lubani, kwenye jagi la maji, na asubuhi maji yanakuwa meupe meupe kama yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa, Bi Zuwena anakunywa glasi moja kabla hajatia kitu kinywani, anasema yanamfungua kifua. Hilo jagi mliweke akilini. Mimi wa kulowesha tu, kuonja sijawahi, ni maji ya Bibi.

Sasa, mama yangu alifariki mwaka jana nikiwa huku. Sikufika mazishini, nilizika kwa simu, kaka yangu ameinyanyua juu ya vichwa vya watu, nikaona miavuli, nikaona udongo mwekundu, mtandao ukakata. Nililia nikanyamaza. Kilichobaki kunitafuna ni kwamba mama hakunijia ndotoni. Dada yangu kamwota mara tatu. Kaka kamwota. Hata jirani yetu ambaye walikaa miaka bila kusalimiana kwa sababu ya kuku, naye kamwota, tena mama kamchekea. Mimi nikilala naota napaa juu ya bandari ya Mutrah, nakaa kwenye paa la meli kubwa ya watalii nakula fenesi, bahari imekuwa ya zambarau, kila kitu kipo isipokuwa mama. Nikaanza kuamini amenikasirikia kwa kutokwenda kumzika, na ukishaamini hivyo hata chai haina ladha.

Neema (yeye wa Mwanza, anafanya kazi mtaa wa nyuma) ndiye aliyeniambia kuna mtu mtaa wa Wadi Kabir anaitwa Kiongozi. Alikuwa kuli, sijui mpishi, akasafiri mbali, akajifunza kwa wazee wa msitu mmoja wa huko ng'ambo ya bahari mbili, ambao wanakunywa maji ya mizizi, akili inafunguka, wanaonana na waliotangulia na kupona majonzi. Nikamwambia mimi na waganga hapana, mama mwenyewe alikuwa akisema mganga hajigangi. Neema akanijibu, "Huyu si mganga, Tatu. Mganga anakutafutia mchawi. Huyu anakushika mkono tu, anakutembeza." Hayo maneno ya kushikwa mkono yaliniingia vibaya sana.

Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko, tukaenda. Chumba kiko juu ya gereji, chini wanagonga bodi la gari, juu kuna mikeka, vitambaa vyeupe, na ngoma inayolia polepole kutoka kwenye simu. Kiongozi ana kanzu nyeupe, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Aliniuliza jina la mama, basi. Hakuuliza kama nimekula, kama naumwa, kama nina presha, wala jina langu mwenyewe. (Haya nayaona sasa. Wakati ule niliona ni upole.) Akaninywesha kijiko kimoja. Kilikuwa kichungu, kina karafuu, na nyuma ya karafuu kuna harufu ninayoijua kabisa, ila jina lake halikuja.

Nikalala chali. Nilikuwa nimeamka tangu alfajiri, kiyoyozi kinapuliza shingoni, ile nyundo ya chini ikaanza kugonga taratibu, taratibu, mpaka ikawa si nyundo tena, ikawa mchi kwenye kinu, na kinu kiko uani kwetu. Nikaona mwanga wa asubuhi umelala juu ya majani ya mihogo. Nikaona khanga ya mama, ile ya njano yenye doa la mafuta begani. Alikuwa ameinama, amenipa mgongo. Nikasema mama. Hakugeuka. Halafu betri ya simu ikaisha, ngoma ikakatika, nikafumbua macho mashavu yamelowa.

Kiongozi akasema hicho ni kijiko tu, Ijumaa ijayo nitakunywa kikombe kizima na mama atageuka. Lakini kinywaji lazima kinizoee kwanza, kilale nilipolala siku saba, kikae baridi. Akanimiminia kwenye chupa ya kijani ya marashi ya waridi, ina picha ya ua, ambayo kila nyumba ya Maskati inayo.

Njiani nikaanza kuogopa. Nchi hii kukutwa na vitu vya namna hiyo ni jela na kurudishwa kwenu, hakuna maelezo. Nikataka kuitupa kwenye pipa la taka, mkono ukakataa. Ile khanga, jamani. Nikajiambia nitafikiri siku saba, nikiona moyo umekataa namwaga. Na chumbani kwangu hakuna friji, kwa hiyo (hapa ndipo nilipojichongea) nikaiweka kwenye friji la jikoni, nyuma ya mtungi wa achari ya ndimu, nikaona nimeficha kweli kweli.

Wiki ile nilikuwa kama natembea juu ya pamba. Nafua nikiwaza, huyu mtu nimwamini au nisimwamini. Asubuhi namwamini, mchana namwogopa, jioni nikilowesha lubani natamani nimuulize Bi Zuwena, naanza, "Bibi, eti mtu aliyekufa," halafu namalizia kwa swali la mchele. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa natapatapa kwenye maji ya kifundoni.

Alhamisi Bi Zuwena akanishika bega. "Mwanangu, kesho usitoke, nnakuomba. Wanakuja kumposa Rukia." Nikafurahi mpaka nikasahau kikombe changu cha Ijumaa. Rukia alikuwa akimpenda yule kijana tangu chuoni, miaka miwili ya kusubiri wazazi wa kijana wakubali, na nilijua kwa sababu alikuwa akinisomea meseji zake jikoni huku anajifanya anatafuta kijiko.

Wakaja baada ya Alasiri. Mama wa kijana, Bi Thuwaiba, amenyooka kama rula, na dada mkubwa wa huyo mama, ambaye masikio yamemchoka kidogo. Kahawa aliipika Rukia mwenyewe, mimi nikabeba dele, lile birika la kahawa, na vifinjani. Mnajua kahawa ya huku, mgeni unammiminia kidogo kidogo, huachi mpaka atikise finjani. Bi Thuwaiba akanywa, hakutikisa. Nikamtilia. Hakutikisa. Nikamtilia tena, nikasema moyoni, ndoa hiyo, naiona inakuja imevaa viatu.

Nikarudi jikoni kuchukua halua. Kwenye meza, karibu na iliki, kuna chupa ya kijani yenye picha ya ua, imebaki nusu.

Nikafungua friji, nyuma ya achari hakuna kitu. Rukia alitafuta marashi ya kutia kwenye kahawa, desturi ya huku, akayapata, akamimina. Nikarudi sebuleni mbio na halua mkononi, na nilichokikuta kikanimaliza. Bi Thuwaiba amefumba macho, anayumba kidogo kidogo, anasema kwa sauti ya mbali, "Bi Zuwena, kahawa hii mmeitia nini? Nnamwona mama yangu hivi, kakaa barazani kwetu Mkunazini, anasuka ukili."

Anamwona mama yake. Mimi nikafikiri hapa hapa atapanda juu ya paa, au moyo utasimama, na Rukia atakuwa ameua mkwe kabla hajawa mkwe. Nikarusha sahani ya halua kwenye kochi, nikamnyang'anya finjani, kahawa ikamwagika kwenye abaya yake ya nakshi za dhahabu, nikasema:

"Mama, usinywe. Ina dawa."

Wenzangu, kuna maneno hayasemwi mbele ya watu waliokuja kuposa. Kwenye hospitali dawa ni dawa. Kwenye kahawa ya posa dawa ni kitu kimoja tu.

Bi Thuwaiba akafumbua macho taratibu. "Dawa ya nini?"

"Ya kuona," nikasema.

Dada yake akaweka mkono sikioni. "Ya nini?"

"Ya kuona, mama."

"Dawa ya kuoa," akasema dada, na akatangaza vizuri ili asikose mtu kusikia. "Wanatulisha dawa ya kuoa. Nilikwambia, Thuwaiba, mtoto wako hakuwa hivi, miaka miwili halali usingizi."

Wakasimama. Rukia alikuwa mlangoni, mtandio umemwanguka, anasema ametia marashi tu, ya frijini. Hakuna aliyemsikiliza. Nikaona ndoa ya watu inatoka mlangoni na viatu vyake, na ufunguo wa kuirudisha ninao mimi, na ufunguo wenyewe ni aibu yangu na pengine tiketi yangu ya kurudi Muheza.

Nikapiga magoti kwenye zulia, juu ya halua. Nikasema yote. Mazishi ya simu, kuku wa jirani, Wadi Kabir, kijiko, mgongo wa mama. Nikasema Rukia hajui chochote, chupa ni yangu, na si ya kuoa, ni ya kuona, ku-o-na, ya kuwaona waliokufa, na mimi mwenyewe sijui kama inaponya au inaua.

Bi Zuwena akasema, "Ilete hiyo chupa."

Nikaileta. Akainusa. Akainusa tena, akanitazama, halafu akaiweka mdomoni. Nikamshika mkono nikimsihi asinywe, akaniondoa vidole kimoja kimoja, akanywa mafunda mawili, akajifuta. Akaniambia nilete na jagi lake. Akamimina glasi, akanipa mimi. "Onja."

Nikaonja, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nyumba ile. Machungu. Na ile harufu iliyokosa jina.

"Lubani," akasema Bi Zuwena. "Yako ina karafuu, basi. Tatu, mwanangu, unalowesha kila siku ya Mungu, hujaonja hata siku moja?"

Bi Thuwaiba ndiye aliyeanza, kwanza begani, kisha mwili mzima, akacheka mpaka akakaa chini. "Na kwa kijiko kimoja cha lubani ukamwona mama?"

"Mgongo tu," nikasema, na hapo hata Rukia akacheka, machozi bado yako kwenye kidevu. Dada mtu akawa anauliza wanacheka nini, akaelezwa, akacheka peke yake baada ya wote kumaliza.

Halafu Bi Thuwaiba akaiangalia ile abaya yake iliyolowa. Akasema mama yake alikuwa akitia chembe ya lubani kwenye kahawa ya wageni, na tangu amzike hajaikuta mahali pengine. Akainyoosha finjani kwangu, imetulia kabisa, haitikisiki. "Nitilie."

Nikamtilia kwa mikono miwili. Aliitikisa baada ya finjani ya tano, na Rukia ameolewa, mnajua.

Wageni walipoondoka ndipo Bi Zuwena alipokasirika, tena sana, maana ingekuwa kweli je? Akaniambia mtu akikupa cha kunywa muulize kuna nini ndani, na akichukia kuulizwa, vaa viatu. Nikampigia Kiongozi pale pale, nikamuuliza kwa adabu. Akasema mlango hauulizwi jina, unaingiwa. Nikakata simu, na uamuzi ulionishinda siku saba ukaisha kwa dakika moja. Neema, ambaye naye alishakunywa cha Kiongozi, nilipomweleza aliniuliza, "Sasa mimi babu yangu nilimwonaje?" Sikumcheka, maana ile khanga na mimi niliiona.

Nimeapa mawili. Kitu cha mtu nisichokijua sikitii mdomoni wala kwenye chupa yenye picha ya ua. Na neno dawa silitamki tena penye wageni, hata nikikohoa nasema naomba ile ya kifua, na Bi Zuwena anajua ni ipi, ananiambia chukua glasi, jagi ni letu sote.

Mama alikuja juzi, mchana, nimesinzia kwenye kiti karibu na pasi. Yuko uani, njano ile ile, ameinama kwenye sufuria. Nikangoja anigombeze habari ya mazishi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama alivyozoea, akasema, "Tatu, chumvi." Nikampa.